Jumapili za Mkebe wa Serikali

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako, ile yenye mguu mfupi uliouwekea kipande cha ndala ukasema ni kwa wiki moja tu. Ndala bado ipo. Nje udongo umelowa, na Ndanu, mkaza mwanao, yuko shambani anapalilia ndengu. Kila akipita dirishani ananiuliza kama sijamaliza. Nimemwambia naandika ripoti, na si uongo sana, kwa kuwa wewe ndiwe uliyekuwa mkubwa wangu wa kazi kabla sijajua kazi ni kitu gani.

Nina jambo la kukiri kwako, na nina jambo la kukugombeza. Nianze na la kukiri, kama ulivyotulea.

Unaukumbuka mkebe wa serikali. Ndivyo majirani walivyokiita kile kipimamvua chako, kopo la shaba lililozikwa nusu ardhini katikati ya uwanja, likazungushiwa miiba ili mbuzi wasilikaribie. Afisa wa hali ya hewa alikuwa amezunguka huku kwetu Mutomo akitafuta mtu wa kujitolea kupima mvua kila asubuhi, na sharti lake kubwa lilikuwa kwamba awe mtu asiyehamahama. Ukamwuliza, "Nihamie wapi?" Akacheka, akakuachia mkebe, glasi ya kupimia na daftari. Nilikuwa mchanga siku hiyo, lakini umeisimulia mara nyingi hata naiona.

Ninachokumbuka mwenyewe ni magoti yako. Ikifika saa tatu asubuhi ulifuta mikono kwenye leso, ukamimina maji ya mkebe kwenye glasi, kisha ukapiga magoti ili jicho lako lilingane na maji. Sisi watoto tulikatazwa kusema lolote mpaka uandike. Kaka aliwahi kupiga chafya, nawe ukapima upya kwa kulipiza. Daftari halikuguswa na mtu. Tuliruhusiwa kugusa Biblia kabla ya daftari.

Na maji yenyewe hukuyamwaga. Afisa alikuambia ukishapima umwage, ukamwitikia vizuri kabisa, na alipokwisha kupotea njiani ukasema, "Huyo hajawahi kuteka maji." Tangu siku hiyo kila tone lililopimwa lilikwenda kwa mche wa mlimao ambao mama mdogo alikuletea kutoka Tawa. Hata yakiwa vijiko viwili uliyabeba kwa mikono miwili. Watu walisema mlimao hauwezi kushika kwenye ardhi hii, nawe ulikuwa ukiwapelekea malimau bila kusema neno, na hilo lilikuwa jibu lako la kuudhi kuliko yote.

Jumapili tu ndipo mkebe ulipopumzika. Saa mbili ulikuwa umeshashika njia ya kanisani na viatu mkononi, ili uvivae karibu na soko vikiwa safi. Nikiwa kidato cha pili, nimerudi likizo na ujuzi mwingi wa shule, nilikuambia upime saa mbili kabla ya kuondoka, au urudipo saa nane. Ulinitazama kama mtu anayeuziwa maziwa yenye maji.

"Saa mbili si saa tatu, Kanini," ulisema. "Na saa nane si saa tatu."

Nikakuacha. Mtu akiniuliza leo nani alinifundisha sayansi, nitataja walimu wengi kwa adabu, lakini nitakuwa nafikiria sentensi hiyo.

Sasa la kukiri. Unajua kazi yangu ya Nairobi ni utafiti wa hali ya anga. Ninachunguza zile siku kavu zinazojipenyeza katikati ya mvua ya vuli, ambazo mkulima wa Kitui na Makueni anazijua vizuri kuliko mimi, kwa sababu ndizo zinazokausha mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Satelaiti hutazama mawingu kutoka juu na kukisia. Ni mikebe kama wako inayotuambia kilichofika chini. Kwa hiyo tulikusanya rekodi zote za zamani, zilizochapwa kwenye kompyuta kutoka fomu ambazo watu kama wewe mlituma kila mwezi, tukaanza kuzikagua kituo kwa kituo.

Mwenzangu Otieno ndiye aliyefikia chako. Aliiweka rekodi yake ukutani kila mtu aione, ikiwa na namba tu, bila jina la mtu.

"Hii station ya Mutomo iko na shida," alisema. "Jumapili hakunyeshangi. Karibu zote ni zero. Halafu Jumatatu ni kama gharika. Ama huko mawingu huendanga kanisa?"

Chumba kizima kilicheka. Nami nilicheka, mwaitu. Ndilo hilo ninalokiri. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mimi niliyekuwepo kwa niaba yako nilionyesha meno.

Otieno si mtu mbaya. Alisema kama mtu aliandika sifuri bila kwenda kutazama, basi hata siku nyingine hatuwezi kuziamini, na kituo kitolewe chote. Miaka yako yote ya kupiga magoti ingefutwa kwa kubonyeza kitufe. Nilijua kwa nini Jumapili hukupima. Nilichokuwa sijui ni uliandika nini. Nilinyamaza kwa sababu hiyo, kwa kuwa niliogopa. Niliogopa kwamba pengine uliporudi kutoka kanisani umechoka, ulikaa kwenye meza hii ukaandika sifuri, basi, kwa kuwa nafasi ilikuwa wazi na fomu za serikali hazipendi nafasi wazi. Ungekuwa umefanya hivyo, ningelazimika kukutoa kwa mkono wangu mwenyewe. Niliomba wiki moja nikatafute daftari la asili, na sikusema ni la nani.

Nilifika hapa Ijumaa. Ndanu alinitolea sanduku lako la bati, na chini ya vitenge ambavyo ulisema utavivaa siku fulani nikakuta madaftari yote, yamefungwa kwenye mifuko ya unga. Nilifungua la kwanza, nikatafuta Jumapili.

Hapakuwa na sifuri. Palikuwa na mstari mfupi, na kutoka hapo umechora mstari uliopinda kama mkono, unaoshuka hadi Jumatatu, na pembeni umeandika kwa mwandiko wako wa kusimama wima: "Maji ya siku mbili." Jumapili iliyofuata, hivyo hivyo. Kurasa na kurasa. Hukuchoka hata mara moja. Aliyechapa fomu zako huko mjini hakuwa na mahali pa kuweka maneno hayo, akajaza sifuri, akaendelea na safari yake. Nilicheka peke yangu hadi Ndanu akaja mlangoni kuangalia.

Kisha nikaona kwamba Jumapili chache, moja hapa na nyingine kule, zina namba. Ulipokuwa nyumbani saa tatu, ulipima. Na kwenye safu ya maelezo, ambayo afisa aliiweka kwa ajili ya mawe ya mvua na upepo, wewe uliandika sababu. "Kanini ana homa, sikuenda kanisani." "Tuna msiba kwa jirani." "Kanini ana homa tena." Sikujua kama nilikuwa mtoto wa homa nyingi hivyo. Sikujua kama kulikuwa na mahali popote duniani palipoandikwa. Miaka yote hiyo fomu zilikwenda serikalini zikiwa na malaria yangu ndani yake, na hakuna aliyelalamika.

Nilimpigia Otieno simu hapo hapo. Nilimwambia data ni safi, kwamba Jumatatu ni mvua ya siku mbili na imeandikwa wazi, na kwamba aliyepima alikuwa mama yangu.

"Pole sana, Kanini. Ungeniambia tu," alisema. Kisha akasema, "Mathe alikuwa makini kutushinda. Tunaiweka."

Kwa hiyo umo. Otieno ameshaunganisha Jumapili zako na Jumatatu zake, na siku zako kavu zimekaa mahali pake. Hapo ningefunga barua, nikakuaga, nikala limau moja njiani. Lakini nilikuwa sijafungua daftari la mwisho.

Hili ndilo la kukugombeza. Kwenye daftari la mwisho Jumapili zako zote zina namba. Zote, mwaitu, tangu ukurasa wa kwanza. Nitakuambia ukweli wangu wote, kwanza nilifurahi. Nilifurahi kama mtafiti aliyepata rekodi isiyo na pengo, hata nikaanza kupiga picha za kurasa. Nilikuwa nimepiga tano au sita ndipo nikaweka simu chini. Safu ya maelezo haikuwa na kitu. Hapakuwa na homa wala msiba. Ulikuwa nyumbani saa tatu kila Jumapili na hukuandika kwa nini.

Nilimwita Ndanu. Alijifuta mikono muda mrefu kabla ya kujibu.

"Miguu ilikataa," alisema. "Akikanyaga mpaka kwa geti anarudi. Alituambia tukikuambia, utaacha kazi ukuje. Akasema huyo anatafuta mvua ya watu wengi, msimsumbue na miguu ya mtu mmoja."

Jumapili jioni nilikuwa nikikupigia. Nilikuuliza habari za kanisa, nawe ulinijibu kwamba mahubiri yalikuwa mazuri. Yalikuwa ya redioni, Ndanu amenieleza, uliyasikiliza umekaa pale mlangoni unapouona mkebe. Hukusema uongo hata neno moja, nakujua, ulichagua tu maneno kama unavyochagua mbegu. Jioni moja uliniambia kwamba mhubiri alisema juu ya Nuhu, na kwamba Nuhu alijitahidi ila hakupima. Nilicheka sana, nikakuaga haraka kwa sababu nilikuwa na kazi ya kumaliza. Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta mabadiliko madogo kwenye rekodi ndefu. Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa kwako, nikapitwa nalo.

Nimekasirika nawe kwa siku mbili nzima. Nimezunguka uwanja nikikujibu kwa sauti, Ndanu shahidi. Ningekuja. Ulijua ningekuja, ndiyo maana ulinyamaza, na ndiyo maana hasira yenyewe haina pa kukaa. Kwenye ukurasa wako wa mwisho mwandiko umelala upande. Umeandika, "Tano au sita, macho yamechoka. Ndanu asome." Na chini yake kuna namba ya Ndanu. Hata wakati huo hukukubali kukisia. Baada ya hapo daftari ni la Ndanu, anapima saa tatu, na Jumapili anachora mkono wako hadi Jumatatu, kwa sababu naye anaimba kwaya.

Nimekukosa sana, mwaitu, tangu tukuzike. Nimekukosa kwa namna ya kijinga, ya mtu mzima anayenusa vitenge kwenye sanduku.

Jana, Jumapili, Ndanu alivaa akaenda kanisani, nami nikamwambia nitabaki. Usiku ilikuwa imenyesha, si nyingi. Saa tatu nilifuta mikono kwenye leso yako, nikapita kwenye miiba, nikamimina, nikapiga magoti. Goti la kulia liliuma na nikakukumbuka tena. Milimita nne. Nilizipima mara mbili ingawa hapakuwa na mtu wa kupiga chafya. Kisha nilibeba glasi kwa mikono miwili hadi kwenye mlimao, nikaumwagia maji yote, nikarudi mezani.

Daftari lilikuwa wazi mbele yangu na sikuliombea ruhusa kwa mara ya kwanza. Niliandika namba kwenye Jumapili. Nikakaa nikitazama safu ya maelezo, ambayo uliiacha tupu kwa ajili yangu muda mrefu hivyo, na nikaandika nilichopaswa kukuandikia tangu zamani: "Kanini yuko nyumbani."

Pumzika, mwaitu. Saa tatu ya kesho ni ya Ndanu, na maji ni ya mlimao.

Mwanao wa homa nyingi,
Kanini