Tulimwacha Bakari Uwanjani

Ijumaa, 1 Agosti

Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita mpaka saa kumi jioni. Hesabu za sehemu bado haziwaingii. Nimefua soksi nyeusi, nimepiga pasi jezi ya refa. Kesho tuko Misima. Bakari wa Magoma refa wa kati, mimi na Hoza vibendera. Nimefurahi ni Bakari. Miaka minane tunachezesha pamoja na hajawahi kuniangalia kama mwanamke aliyepotea njia akatokea uwanjani. Hoza huniangalia hivyo. Magoti yananiuma. Nimeyakanda kwa maji ya moto.

Jumamosi, 2 Agosti

Bakari amelazwa. Siandiki mengi. Zilibaki dakika mbili. Wenyeji wakafunga. Mfungaji alikuwa ameotea, hatua nzima. Nikanyanyua kibendera. Bakari akaniangalia mara moja, akapuliza, akakataa goli. Basi.

Jumapili, 3 Agosti

Sijalala vizuri. Niandike kwa mpangilio, nitaulizwa.

Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa kocha wao. Alimpiga Bakari ngumi ya sikio. Bakari akaanguka. Wachezaji wawili wakampiga mateke, halafu watu wakavunja kamba wakaingia. Hoza alikimbilia kwenye gari tulilokuja nalo. Mimi nilikimbilia madarasa ya shule iliyo kando ya uwanja. Nikaingia la kwanza.

Bakari aliweza kuinuka. Alikuwa anakuja nyuma yangu, ameshika sikio. Kati yetu palikuwa na hatua ishirini hivi. Nyuma yake kundi.

Nilimwona anakuja. Nikasukuma komeo.

Wakamkamata barazani. Nilisikia kila kitu. Mgambo walifika baadaye, nami nikafungua, nikajifanya nimetoka chumba cha pili. Nimeandika. Hapa tu ndipo nitakapoliandika hili.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetoka shule mapema, nimeenda hospitali. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Sikio la kushoto halisikii, na daktari hajawaahidi kitu. Mke wake, Mama Hadija, alinipokea kibegi, akanishukuru kwa kuja. Akanishukuru. Bakari aliuliza kama Hoza anakuja. Nikamwambia sijui. Fomu ya polisi ilikuwa chini ya mto, imekunjwa mara nne.

Nilikaa robo saa. Nikaaga bila kumwambia la mlango.

Alhamisi, 7 Agosti

Kikao cha waamuzi, Korogwe mjini. Tulikuwa kumi na mmoja. Mwenyekiti wetu, Mzee Mhina, alifungua kwa dua ya kumwombea Bakari. Kisha Hoza akasimama. Sijawahi kumsikia akisema vizuri hivyo. Leo Bakari, alisema, kesho yeye, kesho kutwa mimi. Asiwepo wa kushika filimbi mpaka timu ile itolewe kwenye mashindano na kocha afungiwe. Na sisi tuliokuwepo twende polisi Handeni tukaandike maelezo. Mikono yote ikapanda. Wa Mzee Mhina ulipanda mwisho.

Nilirudi nyumbani Kwamndolwa kwa miguu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nilikula nikashiba.

Jumatatu, 11 Agosti

Mzee Mhina amekuja shuleni wakati wa mapumziko. Nikamwamkia, nikampa kiti kwenye varanda. Mkononi alikuwa na ripoti yangu ya mchezo.

"Mwalimu, hapa umeandika shambulio. Andika vurugu."

"Alipigwa, mzee."

"Najua alipigwa. Lakini ukiandika vurugu, mambo yanazungumzika. Yule kocha ana watu wake. Na mashindano yana wafadhili."

Nafundisha Kiswahili pia. Vurugu haina mtu. Shambulio lazima liwe na aliyeshambulia. Nikamwambia siwezi kubadilisha. Akaikunja ripoti, akauliza habari za wanafunzi, akaondoka. Hajanitisha hata kidogo. Amesema nami kama baba. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumamosi, 16 Agosti

Mchezo uliofuata umechezwa. Timu ile ile, kocha yule yule kwenye benchi. Umechezwa Magoma, hatua chache kutoka nyumbani kwa Bakari, na amesharuhusiwa, yuko kitandani kwake. Mama Hadija alinipigia simu kuuliza kama tumeshapatana, maana wanasikia shangwe na filimbi. Nikamuuliza nani anachezesha.

Hoza.

Vibendera wameshika wawili kati ya wale kumi na mmoja. Siku tisa. Mikono yao haijapoa bado.

Nimewachukia. Naandika hivyo hivyo. Nimewachukia.

Jumapili, 17 Agosti

Nimemkuta Hoza sokoni Manundu, ananunua nyanya. Nimemwambia mbele ya muuzaji kwamba amemuuza Bakari. Hakukasirika. Alingoja nimalize, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, mimi nilikimbilia kwenye gari. Ila wewe ulifunga mlango."

Alikuwa ameona. Wiki mbili zote alikuwa anajua.

"Ukienda Handeni kuandika maelezo, utaulizwa ulikuwa wapi. Mimi sitakusema. Na wewe niache nichezeshe."

Akachagua nyanya zake, akaondoka. Nimesahau nilichofuata sokoni. Nimerudi na kikapu kitupu. Nilivyokuwa namtukana moyoni, na kumbe tunalingana. Hapana, hatulingani. Yeye hakuwa na komeo mkononi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeomba ruhusa, nimeenda Magoma. Bakari alikuwa uani anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja, gunzi kalibana kwa goti. Nikakaa upande wake wa kulia ili asikie. Nikamwambia. Sikupamba. Nilikuona unakuja, nikafunga.

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha.

"Nilisikia komeo," alisema. "Hilo nililisikia kwa masikio yote mawili."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, hospitali, siku zote hizi.

"Ningemwambia nani? Mashahidi wangu ni nyinyi."

Mama Hadija alikuwa mlangoni na sinia la ugali na mchicha. Amesikia. Akarudi nalo ndani. Sijawahi kuingia nyumba ile nikatoka bila kula. Nilitoka. Bakari hakunisindikiza, na hakusema amenisamehe. Sikumwomba. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba njia nzima, nikaona ni kumwongezea mzigo.

Jumatano, 20 Agosti

Handeni, polisi. Askari kijana, mwandiko mzuri. Nikamtajia kocha, nikamtajia wachezaji wale wawili kwa namba za jezi. Nikamwambia na la mlango. Akaacha kuandika, akasema hilo halihusu kosa la watuhumiwa. Nikamwambia andika. Nisije nikaulizwa na wakili wao nikaonekana nilificha. Akaandika. Nikasaini kila ukurasa.

Jumamosi, 23 Agosti

Ratiba mpya ya waamuzi imetumwa kwenye kundi la simu. Simo. Nimempigia Mzee Mhina. Anasema nimepitia mengi, nipumzike mpaka mwakani. Nikamuuliza Bakari naye anapumzika mpaka lini. Akasema mtandao unasumbua.

Habari za mlango zimeshaenea. Kwenye kundi mmoja ameandika kwamba wanawake hawafai kwa michezo mikubwa, wanafunga milango. Tisa wamecheka. Aliyekimbilia kwenye gari hajaandikwa.

Nimejitoa kwenye kundi.

Jumatatu, 1 Septemba

Mahakamani Handeni. Nilifika saa mbili, Bakari na Mama Hadija walikuwa wameshafika. Nikawaamkia, wakaitikia. Nikakaa benchi la nyuma yao. Kocha alikuja na watu kama ishirini, wamevaa vizuri, kama wanaokwenda harusini. Kwenye varanda alinipita, akanisalimia kwa jina.

Ikafika zamu yetu. Karani akatoka nje kuita mashahidi. Jina la Hoza aliliita mara tatu. Kamisaa wa mchezo, aliyeusimamia siku ile Misima, mara tatu. Wanawake waliokuwa wanasubiri kesi zao wakageuka kutazama, kisha wakaacha kutazama. Langu aliliita mara moja.

Hatukusikilizwa. Hakimu ameahirisha kwa wiki mbili.

Stendi tulikuta basi moja tu la Korogwe. Mama Hadija akapata kiti mbele. Bakari akaja nilipokaa, akasimama kidogo, akakaa. Tulipokaribia Korogwe akajiandaa kushuka, akapachika vizuri mkono kwenye kitambaa cha shingoni.

"Tarehe kumi na tano," alisema. "Saa tatu."

Nikamwambia nitakuwepo. Akaitikia kwa kichwa, akashuka.