Albamu za Mwaka Ambao Hukuwepo

Mpendwa mama, mwenye beseni la bluu,

Naanza na habari yenyewe, maana hukupenda mtu anayezungukazunguka mlangoni: tumeganduka. Msiba wako umekwisha. Juzi Jumamosi watu walijaa uani hapa Bugendana, pombe ya ndizi ikanywewa, mkubwa wa ukoo akasimama akasema mwaka umetimia, waliofiwa sasa warudi kwenye maisha kama watu wengine. Mama mdogo Spesiyoza, ambaye tangu uondoke ndiye mwenye funguo na mwenye amri, akajifuta macho kwa kanga, akanigeukia mbele ya wageni wote.

"Haya, mtoto wa magitaa. Fungulia sasa hizo kelele zako."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ila simu niliiacha mfukoni, na ambaye angejua sababu ni wewe peke yako.

Unakumbuka ulivyoanza wewe kuupenda huu muziki? Tulikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi, kule upande wa Kasulu. Jirani yetu mmoja kijana alikuwa amejitengenezea gitaa kwa debe la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Siku moja akaleta kaseti, akaitia kwenye redio yetu, ile ambayo spika yake ilichanika tulipohamishwa hema. Gitaa likaanza kukwaruza. Mimi nikaruka niizime, nikidhani redio inakufa. Ukanishika mkono. Ukasikiliza mpaka mwisho, halafu ukasema, "Imeharibika, lakini imeharibika vizuri." Mimi sijasikia mtu yeyote akiueleza muziki wa roki vizuri kuliko hapo.

Tuliporudi Burundi, watu wa kilima walitucheka kwa Kiswahili chetu, na kwa sababu hatukujua hata majina ya mito. Wewe hukujali. Nilipokuwa nasoma Gitega ulikuwa unashuka kwa miguu na maharage kichwani, ukishauza sokoni unanifuata Mushasha, tunakaa kwenye majani pembeni ya kanisa, sikio moja la waya kwako, sikio moja kwangu. Masista walipita wakatusalimu, wakadhani tunasikiliza mahubiri. Ukawajibu kwa heshima zote, "Asante, masista, yametuingia." Nilitamani ardhi ipasuke!

Halafu ikaja ile desturi yetu ya mwezi wa kumi na mbili. Nikishafunga shule huko Gashoho, mkoani Muyinga, ninakofundisha Kiswahili, nakuja na albamu zote nzuri za mwaka, zile za vijana wanaojirekodia vyumbani, Bujumbura, Goma, Kigoma, popote. Muziki usio na bosi, uliuita. Unakaa kizingitini, ungo mapajani, beseni la bluu pembeni, unachambua maharage, mimi nazipiga moja baada ya moja. Hukuwahi kusema hii nzuri au hii mbaya. Nilikuwa natazama mikono yako. Albamu ikiwa ovyo, unaanza kuniuliza habari za bei ya chumvi Muyinga. Ikiwa nzuri, ungo unakwisha kabla hujajua. Na ile ya mwaka, ile yenyewe, mikono inasimama juu ya ungo, macho yanaenda mbali kwenye migomba, na wimbo ukiisha unayamwaga maharage kwenye beseni kama yalivyo, na mawe yake.

Basi jioni, mezani, kach! Baba ameuma jiwe. Analitoa, analiweka ukingoni mwa sahani, anatutazama mmoja mmoja. "Leo mmepiga muziki gani?" Hapo tunajua albamu ya mwaka imepatikana. Kuna mwaka hata kipande cha jino kilimtoka, na wewe ukamwambia pole baba watoto, lakini hiyo albamu ilistahili jino. Alinuna siku mbili.

Mwaka juzi ulipokwisha nilikuja na albamu kama kawaida, nikakuta huwezi hata kukaa. Beseni lilikuwa chini ya kitanda. Niliweka simu karibu na mto, ukasikiliza nyimbo mbili, ukafumba macho, nikadhani umelala.

"Za mwaka huu zimenipita," ukasema. "Masikio yamechoka. Za mwakani utanisikilizia wewe."

"Utakuwepo, mama."

Ukanitazama vile ulivyonitazama zamani nikikosea hesabu. Januari tukakuzika.

Wenzangu wanaachiwa migomba, mimi nikaachiwa kusikiliza. Na mama mdogo alipotangaza kwamba hakuna muziki mpaka tuganduke, vijana wa ukoo walinung'unika, wakasema siku hizi watu wanafupisha, Bujumbura wanamaliza yote kwa wiki moja.  Mimi nilishukuru, kwa sababu nilikuwa naogopa. Niliogopa nitabonyeza, gitaa lianze, na mimi nisikie bati tu. Usiku na mchana nilijiuliza: je, kama aliyekuwa anasikia ni wewe, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa natazama tu mikono yako?

Kule Muyinga hakuna ambaye angeniona nikivunja mwiko. Mama mdogo yuko huku kilimani, simu ni yangu, mlango nina ufunguo. Sikugusa. Hata nikienda harusini, ambako nilitakiwa nisiende, nilikuwa nakaa nje na wapishi.

Saidi ndiye aliyeniokoa. Unamkumbuka Saidi, yule fundi cherehani wa karibu na soko, aliyekushonea gauni la kijani akakupunguzia bei kwa sababu ulitambua albamu iliyokuwa inalia dukani kwake. Mwislamu wa mjini, fundi mtoto wa fundi, na kwa roki hana mpinzani Muyinga nzima. Mwaka mzima nikitokea kwenye kona ya duka lake alikuwa anashusha sauti haraka, kama mtoto anayeficha sigara.

"We mwalimu, lakini mwaka muzima?" aliniuliza siku moja. "Sisi siku tatu, mutu anarudi kwa kazi. Nyinyi munaweza kweli?"

"Ndiyo desturi yetu, Saidi."

"Bon. Basi mi nitakuwekea. Kila albamu yenye itatoka iko hapa, ndani ya kopo ya vifungo. Mi siigusi." Akafikiri kidogo. "Enfin, naigusa, lakini polepole."

Wiki iliyopita nilipopita kuaga kwamba naenda kwenye kuganduka, alifungua kopo, akanichimbulia memori kadi katikati ya vifungo vya makoti, akanipa kwa mikono miwili.

"Kuna moja humu ndani, mi sikuambii ni gani. Niliisikiliza hivi, nikashona mukono ya koti pamoja na mufuko. Mwenye koti mpaka leo iko ananichukia."

Basi jana Jumapili wageni wakaondoka. Baba alikwenda kuangalia mbuzi, mama mdogo alikuwa anarudisha viti vya watu. Nikatoa beseni la bluu, nikakaa kizingitini palepale, ungo mapajani, maharage ya njano ambayo ulikuwa unayapenda. Nikaweka ile memori kwenye simu. Kidole kiligoma, mama. Nilikaa nimeshika simu mpaka kuku mmoja akaja kunichungulia. Nikajiambia, wee, ni muziki tu, si nyoka. Nikabonyeza.

Ya kwanza ilikuwa ya wale jamaa watatu wa Kigoma, Betri Tatu, uliokuwa unawapenda kwa ngoma yao. Albamu inaitwa Umeme Ukirudi. Ngoma ipo, gitaa lipo, kila kitu kipo mahali pake. Nilipofika wimbo wa nne nikajikuta namwambia yule kuku habari za bei ya mafuta. Nikajua imekwenda na maji.

Nikaweka ya Jirani Mbaya, wale wawili wa Bujumbura, mume na mke wanaogombana hata kwenye kinasa sauti. Punguzeni Sauti, ndilo jina la albamu, na hawapunguzi hata kidogo. Hiyo ungeipenda, nakuapia. Kuna wimbo wote ni mke anamwuliza mume nani amekula wali uliobaki, na gitaa linajibu badala ya mume. Nilicheka peke yangu. Ungo ukaisha upesi, nikajaza mwingine. Lakini mikono haikusimama, mama. Ilikuwa inakwenda tu, jiwe huku, harage kule, jiwe huku. Sijawahi kuona maharage safi namna ile. Nikayatazama yalivyong'aa kwenye beseni nikataka kulia.

Ya Goma nayo ikapita, nzuri, nzito, ya kusikiliza mvua ikinyesha. Safi. Maharage safi. Nikaanza kuamini kwamba ndilo lile nililoliogopa, kwamba umeondoka na masikio yako na mimi nimebaki na mikono tu, ya kuchambulia. Nusura nizime.

Iliyofuata sikuijua. Binti mmoja wa hapahapa Gitega, hana hata bendi, anajiita Sesiliya tu, na albamu yake inaitwa Kilima Bila Ngazi. Inaanza na mlango unaofungwa na mtu anayekohoa. Nikasema, haya, mwingine tena. Halafu gitaa likaingia. Mama! Limechanika. Ni kama lile la redio yetu ya kambini, linakwaruza mpaka kwenye meno, na chini yake yeye anaimba taratibu kabisa, Kirundi kikigusana na Kiswahili kama tulivyokuwa tukisema sisi nyumbani. Nikajisikia nasema kwa sauti, "Imeharibika vizuri."

Wimbo wa tatu ni wa mtu anayepanda kilima kutafuta mtandao ili apige simu. Anapanda, anapanda, gitaa linapanda naye. Akifika juu mtandao upo, tena mwingi, lakini wa kupigiwa hayupo tena. Basi anasimama kule juu, anaanza kumweleza tu habari za nyumbani, simu ikiwa mkononi, kwamba mvua imenyesha, kwamba mbuzi amezaa. Haombolezi hata kidogo, anaeleza tu. Ngoma inamsindikiza mpaka chini.

Baada ya hapo sijui. Najua tu kwamba nilipozinduka albamu ilikuwa imekwisha, jua limeshuka kwenye migomba, na yule kuku alikuwa amepanda ungoni anadonoa kama yuko kwake. "Shii! Toka!" Nikayamwaga yaliyobaki kwenye beseni, nikakimbia jikoni kabla mama mdogo hajarudi na viti vyake.

Jioni tukakaa kula, baba, mama mdogo na mimi. Baba tangu tukuzike anakula kimya. Si kwamba amekasirika, anakula, anashukuru, anaondoka. Mama mdogo amejaribu kumchokoza kwa kila namna, hola. Mimi nilikuwa bado na lile gitaa kichwani, sikuwa hata na habari ya chakula.

Kach!

 Baba akaacha kutafuna, akatia vidole mdomoni, akatoa kijiwe, akakiweka ukingoni mwa sahani. Mama mdogo akawaka. "Jamani, huyu ni mwalimu mzima! Anafundisha watoto wa watu, na maharage hajui kuchambua!"

Baba akamnyooshea mkono anyamaze. Akaangalia kizingitini, pale lilipokuwa beseni la bluu. Akaniangalia mimi.

"Leo mmepiga muziki gani?"

Mama, nilicheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi kweli, halafu nikacheka tena, na mama mdogo akauliza kama nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimetua, basi. Kitu nilichokibeba tangu Januari kilinitoka palepale mezani, nikajisikia mwepesi kama siku ya kufunga shule.

"Ni binti mmoja wa Gitega, baba. Anajiita Sesiliya."

Akaitikia kwa kichwa kama anayepokea salamu. "Kesho muipige tena, na mimi nisikie. Lakini maharage achambue mtu mwingine."

Basi ndiyo hiyo, mama. Ya mwaka ni Kilima Bila Ngazi. Jirani Mbaya inafuata, na zile nyingine usijisumbue, hujakosa kitu. Saidi nitampigia leo, nina hakika koti lile liliharibika kwa wimbo wa tatu. Za mwakani pia nitazisikiliza mimi, naweza. Wewe pumzisha masikio.

Mwanao, aliyemwumisha baba jiwe