Bomba Alilolikata Mwanao

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mwenye kuwarehemu waliokosewa na kuwasubiri waliokosa.

Morogoro Mjini, Ijumaa.

Kwako mdogo wangu Somoe, huko nyumbani Tunduru. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako nimeiitikia, marahaba. Natumai miguu ya mama mkwe wako imepungua uvimbe, na mikorosho imetoa maua bila ya ukungu. Mimi ni mzima, isipokuwa kinywa, na sababu yake utaisoma humu.

Mwanao Issa yu hai. Nalitanguliza hilo ili uweze kuyasikiliza mengine. Ulinipigia simu ukilia, ukaniomba nimpandishe basi arudi kwenu kabla polisi hawajamhoji. Sikukujibu, kwa kuwa jibu langu si la kusemwa kwenye simu inayokatika njiani.

Waijua kazi yake. Malori yanayotoka Ulaya huja na pipa la chuma kwenye bomba la moshi, na ndani yake mna chujio la kunasa masizi. Likiziba, kompyuta ya gari huipunguzia injini nguvu, na lori hukwama mlimani. Issa hulikata pipa hilo kwa grenda, akachomelea bomba tupu, kisha akaidanganya kompyuta ili iamini kuwa chujio lipo. Mimi ndiye niliyesoma dua siku alipofungua gereji. Madrasa yangu imepakana nayo. Watoto walipoanza kukohoa kwa moshi ule mweusi, nilifunga dirisha, sikufungua mdomo. Hilo nitaulizwa mimi.

Siku moja alikuja Shabani, dereva wa lori la mboga za Mgeta, nami nimeketi pale pale.

"Fundi, hili dude likipanda Mgeta linahema kama mzee mwenye pumu. Kata kila kitu, libaki tundu!"

"Ukirudi uniletee kabichi," Issa akamjibu, "usiniletee maneno."

"Nitakuletea shamba zima, mwanangu!"

Walicheka, nami nikacheka nao.

Katika kipande kile cha bomba kulikuwa na kifaa kingine: kibati kinachoziba moshi ili injini ilishike gari kwenye mteremko. Madereva hukiita breki ya moshi. Kilikuwa kimeganda kwa masizi, na kukisafisha kungemlia mchana mzima. Issa akakikata pamoja na pipa, akakitupa kwenye vyuma chakavu, wala hakumwambia Shabani.

Alhamisi ya wiki iliyopita Shabani aliteremka kutoka Mgeta na shehena ya kabichi. Alibonyeza swichi ya breki ile, gari halikushikwa. Akakanyaga breki ya mguu hadi ikatoa moshi, ikafa. Lori likaacha barabara, likapita juu ya genge la mboga ambapo wanawake walikuwa wakifunga mafungu ya karoti. Mmoja wao, Kolasta, mama wa watoto watatu, lilimburuta mpaka ukingoni mwa korongo. Waliomfunika walifunika vipande. Shabani alivutwa nje kupitia kioo kilichovunjika, akapigwa kwa mawe na mipini ya majembe. Jicho lake la kushoto halipo tena. Walioshuhudia wanasema alilia neno moja tu: "Nilibonyeza! Wallahi nilibonyeza!"

Kisha mtu akaliona bomba jipya chini ya lori, akauliza ni fundi gani aliyelichomelea. Kabla ya adhana ya alasiri walikwisha fika gerejini, Fuso moja imejaa watu, na bodaboda nyuma yake. Nilikuwa nikifundisha, nikasikia mabati yakivunjwa, nikatoka mbio. Nilimkuta Issa chini. Walimpiga kwa kipande cha bomba alichokikata mwenyewe, na mfupa wa mkono wake ulivunjika nikiusikia. Wakammwagia dizeli kichwani, ikamwingia machoni na mdomoni.

"Si anapenda moshi?" kijana mmoja akapaza sauti. "Leo atautoa yeye!"

"Kiberiti! Nani ana kiberiti?"

Hapo akashuka kwenye Fuso Mzee Pius, mjomba wa marehemu, rozari shingoni na fimbo mkononi.

"Huyu ana mjomba?"

"Babu, tuachie tummalize!"

"Nimeuliza kama ana mjomba."

Wajua, Somoe, Waluguru ni kama sisi Wayao: mtoto ni wa upande wa mama, na kosa lake hujibiwa na mjomba. Nikasema, "Ni mimi." Akanipiga fimbo ya mdomo. Meno mawili yalianguka. Sikuinua mkono, kwa maana pigo lile lilikuwa haki yake.

"Sasa sema. Mpwa wako kafanya nini?"

Mdogo wangu, uongo nilikuwa nao tayari. Ningesema dereva alilewa. Damu iliyojaa kinywani ndiyo iliyonichelewesha, na katika kuchelewa huko Issa akasema kutoka chini, "Mjomba, usiniapie uongo. Kipo pale, kwenye vyuma chakavu."

Nikakiokota. Mzee Pius alikipokea kwa mikono miwili, masizi yakamjaa hadi kwenye viwiko.

"Kitu kidogo hivi," akasema. Kisha akawageukia vijana wake. "Wekeni kiberiti chini. Huyu atasema mbele ya sheria, na mjomba wake atamleta. Utamleta?"

Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba nitamleta.

Sasa Issa yuko hospitali, mkono umefungwa hogo la plasta, macho yameanza kuona. Polisi wanamjua kama majeruhi tu; Mzee Pius amewanyamazisha watu wake hadi Jumatatu, siku atakayoruhusiwa. Vitanda vitatu kutoka kwake amelala Shabani, amefungwa pingu, na kesi ni yake peke yake. Issa humsikia akirudia, "Nilibonyeza." Kila asubuhi huniuliza, "Mama amesemaje?"

Jibu langu ni hili: sitampandisha basi. Lakini sitaki aingie kituoni akidhani mama yake alitaka akimbie. Barua hii nampa kondakta wa basi la leo, ikikufikia Jumapili, mpigie simu umwambie, "Nenda, mwanangu." Hayo yatamtosha. Kifaa kile nimekiviringisha kwenye kilemba changu. Jumatatu nitakibeba mimi, kwani mkono wake haukiwezi.

Nisalimie shemeji yangu, baba yake Issa, na mama mkwe wako. Msalimie binti yako anayekusomea barua hii. Mwambie asiruke mahali. Mwombe imamu wetu awaombee watoto wa Kolasta, ingawa si wa dini yetu.

Ni mimi kaka yako, Mwalimu Yasini. Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kulitamka neno hilo, aihifadhi nyumba yako na wote waliomo, na aujaalie mlango wako uwe wa kupokea wageni, usiwe wa kujificha nyuma yake. Amina.