Nukta Nilizozifuta

Palma, Jumatano. Mvua tangu asubuhi, umeme umekatika mara mbili.

Nimefanya kosa. Naliandika hapa kabla sijaanza kulitafutia visingizio.

Kazi yangu ni kuchora upya kwa kompyuta. Mtu analeta picha iliyoskaniwa, nami naigeuza iwe mchoro wa vekta, yaani wa mistari ambayo unaweza kuikuza hadi ukubwa wa ukuta na isiharibike. Zamani zilikuwa nembo za maduka na mabango ya harusi. Tangu gesi ipatikane huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, naletewa ramani.

Ya wiki iliyopita ilikuwa ya kijiji cha upande wa mama yangu, pale kitakapojengwa kiwanda cha gesi. Wazee wa kamati ya kijiji waliichora kwa kalamu, wakitembea shamba kwa shamba. Kilichomo kwenye ramani kitahamishwa kwa heshima. Kisichomo kitapitiwa na tingatinga.

Picha ya karatasi yao ilinifikia na uchafu wake wote: kahawa, mafuta ya samaki, vumbi. Programu yangu ina sehemu ya kufuta madoa madogo kabla ya kuchora mistari, nami nikaipandisha hadi mwisho. Ramani ikatoka safi kama kanzu ya Idi. Nikajisifu, nikaituma Jumatatu kwa engenheiro, mhandisi wa mradi.

Leo mama mkubwa, dada yake mama, amekuja na kikapu cha mihogo. Nikamwonyesha kazi yangu kwa majigambo. Hasomi, lakini kijiji chake anakijua. Alipitisha kidole kwenye kioo kutoka msikitini kwenda kisimani, akakisimamisha penye weupe mtupu.

"Na baba yangu mmempeleka wapi?"

Nikafuata kidole chake, nikakumbuka: hapo ndipo makaburini.

Kwetu makaburi hayajengewi. Jiwe la tumbawe kichwani, jingine miguuni, basi, na mengine hata jiwe hayana. Kwa hiyo wazee waligusa karatasi kwa ncha ya kalamu, nukta moja kwa kila marehemu. Mimi mjukuu wao nikaona uchafu. Wala sikujiuliza makaburi yako wapi.

Nikampigia engenheiro. Akanijibu kwa Kireno, kwa upole uliozidi kunitisha, kwamba ramani inachapwa kesho asubuhi, na Ijumaa inatundikwa ukutani na kuwekwa saini mbele ya kijiji. Atapokea nyingine leo tu, tena iwe na barua inayosema nani amekosea.

Nitakiri hapa. Nilifikiria kuandika kwamba wazee ndio waliosahau. Wazo hilo nilikaa nalo mpaka chai ikapoa. Jina likishachafuka katika mji huu mdogo, ramani nyingine huletewi.

Mama mkubwa alikuwa amekaa ananitazama, nami nikaona haya.

Nikafungua picha ya mwanzo, nikaikuza. Kila nukta ikawa miraba midogo ya kijivu, na wino na kahawa havitofautiani. Mashine haijui. Mimi sijui. Lakini shamba la mama mkubwa limepakana na makaburi, na miaka yote yeye ndiye anayepalilia ukingo ule. Nikawa naonyesha, yeye anataja, nami nachora duara dogo kwa kila kaburi, kwa mkono.

"Huyu Saidi, fundi mitumbwi. Huyu mkewe. Hiyo kahawa, ifute."

Betri ilikuwa inakwisha na umeme haujarudi. Nikaongeza kasi. Pembeni kabisa palikuwa na kidoa kidogo kuliko vyote, nikakiteua nikifute bila kuuliza. Akanishika mkono.

"Huyo wangu. Hakufikisha arobaini."

Miaka yote namjua mama mkubwa kama mtu asiyewahi kuzaa. Tumemtania kwa hilo, Mungu atusamehe. Nilichora duara lake polepole kuliko mengine yote, betri iishe ikitaka.

Haikuisha. Kabla ya magharibi nilituma ramani, na barua yenye jina langu kamili: kosa ni langu, wazee hawakusahau mtu. Mpaka sasa sijajibiwa.

Alipokuwa anajifunga kanga kichwani aondoke, mama mkubwa aliniuliza kama kale kadogo katakaonekana ukutani siku ya Ijumaa. Nikamwambia mchoro huu hata ukuzwe vipi haupotezi mtu. Akaitikia, akaondoka.

Simu iko mbele yangu, kimya. Je, nimemwambia kweli?