Chumba cha Kitanda Kimoja

Mwenzangu, uko? Nimetoka kwa wakala wa safari sasa hivi, uso sina pa kuuweka.

Si unajua nilivyohangaika kumtafutia Mama meli ya kitalii inayofaa wazee. Nikamhoji yule dada wa wakala mpaka akachoka. Lifti ipo? Daktari je? Bafuni kuna pa kujishikia? Mama kakaa kando, mkoba mapajani.

Dada akasema ipo moja tulivu, ina manesi wa kuwaogesha wazee. Nikasema basi, tupe chumba cha vitanda viwili.

Ndipo Mama akafungua mdomo. "Kimoja. Huyu haendi."

Haendi. Mbele ya watu. Mimi ninayemwogesha, ninayeamka kila akikohoa. Yule dada akajifanya anatafuta kalamu.

Kwenye ngazi uvumilivu ukanishinda. "Mama, nimekukosea nini?"

Akanishika mkono, tukashuka pole pole. "Unadhani naitaka hiyo bahari? Naiogopa kama kifo. Ila nikiwa nyumbani wewe hulali, mwanangu."

Sasa yuko chumbani, anakohoa. Nimeshasimama kabla sijamaliza kukuandikia.