Vifupa vya Kuku Kwenye Mashine ya Vyombo

Kitale,
Nyumba ya nyuma, kwa Mama Rupa.

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, Mama. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa kupalilia kimetulia. Mimi ni mzima. Mwili hauna neno, ni roho tu ambayo haijakaa mahali pake. Naliaka, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma, kwa hivyo soma polepole, usiruke mahali na usiongeze maneno yako. Funga mlango kwanza. Bibi yetu Kukhu akiwa hapo abaki, lakini yule jirani anayekuja kila mara kuuliza kama ng'ombe wake amepita huku, mwambieni hajapita. Bahasha hii nimeigandisha kwa uji mzito juu ya gundi yake. Kama mmeikuta imelegea, jueni kuna mtu ameisoma kabla yenu.

Nimeharakisha kuandika kwa sababu Barasa anaenda kwao Kamukuywa Jumamosi. Barasa ni mpishi wa hapa, tunafanya kazi pamoja, na mdomo wake hauna mlango. Atasema kwamba mimi Nekesa nimeingiza nyama jikoni kwa Wahindi. Kutoka Kamukuywa mpaka hapo Naitiri maneno hayachukui muda. Nataka uyasikie kwangu kwanza.

Unakumbuka nilikuambia watu hawa hawali nyama. Hata yai halivuki mlango wa jikoni kwao. Sisi tukitaka visamaki vya omena au kipande cha kuku tunakula huku nyuma, kwenye sahani zetu, halafu tunanawa kwa sabuni ndipo tuingie ndani. Sharti hilo nimelishika tangu siku ile khocha, ndugu yako, aliponileta, kwa sababu ni yeye aliyenisemea, na alifanya kazi dukani kwao miaka mingi bila doa.

Sasa, ndugu wa Mama Rupa aliyehamia Uingereza aliwatumia mashine ya kuosha vyombo. Ni kama kabati jeupe la chuma, mlango wake unafunguka ukilala mbele. Unapanga sahani ndani, unatia sabuni ya unga, unafunga, nayo inaanza kunguruma zaidi ya saa nzima. Muda huo mimi ningekuwa nimeosha, nimefuta, nimepanga na chai nimekunywa. Sikuiamini hata kidogo. Mtu mwenye wafanyakazi wawili anatafuta mashine ya nini? Barasa naye akanichokoza: "Hiyo kitu imekuja kula ugali yako, si yangu. Mimi haiwezi kunipikia chapati."

Mama Rupa aliapa kwamba haijaja kunifukuza. Kazi yangu ingekuwa kuitunza. Basi nikaitunza kama mtu anayelea mtoto wa mke mwenzake. Nilikwangua mabaki ya chakula kabla ya kupanga sahani. Nilifuta ule mpira wa mlango kwa kitambaa chenye siki, maana uchafu unapenda kujificha kwenye mikunjo yake. Ndani kuna mikono miwili yenye matundu, ndiyo inayozunguka ikirusha maji, na matundu yake nilikuwa nayazibua kwa pini kila yalipozibwa na mbegu za jira. Mama Rupa alipita akichungulia, akasema vizuri. Hata hiyo vizuri yake sikuipenda, ilikuwa ya haraka sana.

Halafu Baba Rupa akabadilika. Huyu ni mwanamume ambaye maji ya kunywa anaitisha akiwa amekaa karibu na mtungi. Sasa jioni akitoka dukani anaingia kwenye chumba chake cha hesabu na kifurushi cha gazeti, anakaa huko, kisha anatoka na sahani mkononi na kuipanga mwenyewe ndani ya mashine. Nikinyoosha mkono kumpokea, anasema, "Wacha, wacha, mashine iko." Nikajiambia huyu ananipima. Pengine anahesabu glasi, pengine wameshaamua niende na anajifunza kazi yangu. Wiki hizo nilikuwa nasikiliza kila mlango.

Baadaye mashine ikaanza kunuka. Mama wa Baba Rupa, ambaye sisi wote tunamwita Nyanya, alikuwa wa kwanza kusema. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akavuta pua, akasema neno moja la kwao, na Mama Rupa akabadilika uso. Neno hilo lilikuwa nyama. Kuanzia hapo Nyanya hakugusa tena sahani iliyotoka mle. Mama Rupa akaja huku nyuma kukagua vyumba vyetu, akafunua hata sufuria yangu ya uji. Barasa akawa ananiambia, "Nekesa, leta mikono nione," halafu ananusa. Na mimi nikamnusa yake. Tuliishi hivyo, Mama, watu wazima wawili tunanusana kama mbwa waliokutana njiani.

Hapo ndipo nikafanya ujinga wangu. Nilichukua jivu, lile ulilonifundisha kusugulia sufuria, nikalichekecha vizuri, nikalitia mahali pa sabuni. Nilifikiri kama linaondoa harufu ya samaki kwenye chungu, mashine ni nini. Iliguna kidogo, ikanyamaza, na maji ya kijivu yakabaki yamesimama ndani. Mama Rupa alishika kichwa. Fundi wa umeme akaitwa kutoka mjini, akainama na tochi, akasema umeme hauna shida, kilichozibwa ni chujio. Akaonyesha kitu cha duara pale sakafuni mwa mashine. "Zungusha hivi, inatoka. Inaoshwa kila wiki. Hamkuambiwa?" Hakuna aliyekuwa ametuambia. Ile karatasi ya maelezo ilitupwa pamoja na boksi. Akaenda zake.

Barasa alikuwa sokoni. Nilichota maji kwa kikombe mpaka yakaisha, nikazungusha lile chujio, likatoka. Mama, harufu ile. Samli iliganda mle kama nta ya mishumaa ya kanisani, na ndani yake dengu, maganda ya iliki, jivu langu, na vifupa vya bawa la kuku. Nilivijua mara moja. Nilijua vilikotoka, na nilijua nani angeulizwa.

Ningeweza kuvitupa. Lakini niliogopa kwamba mtu ananiangalia dirishani, na kwamba nikivitupa ndipo nitakuwa mwizi kweli. Nikamwita Mama Rupa. Alivitazama. Hakupiga kelele, hakuniuliza ni vya nani. Aliuliza tu, "Barasa ameona?" Nikasema hapana. Akavifunga kwenye gazeti, akavipeleka mwenyewe kwenye pipa la nje, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akishika takataka.

Alirudi macho mekundu, akanishika mkono. Hajawahi kunishika. "Nekesa, wewe sema ni wewe. Nyanya atasamehe mtu wa kazi. Lakini mtoto wake akila, hatasamehe. Na kama hakuna mtu anasema, atafukuza wewe na Barasa wote." Nikamwambia, "Mama Rupa, mimi sikula." Akasema, "Najua. Ndiyo nakuomba." Nilimwangalia nikitafuta mtego uko wapi. Nafikiri haukuwepo. Alikuwa anaogopa tu, kama mimi.

Nilimfikiria Naliaka na shule, nikafikiria Barasa na watoto wake. Jioni, wote wakiwa sebuleni, na Barasa amesimama mlangoni na birika la chai, Nyanya akaniuliza kwa Kiswahili chake cha dukani: "Wewe nakula nyama, naweka sahani ndani ya mashine yetu?"

Nikasema, "Ni mimi, Nyanya. Nisamehe."

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Kisha akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa anakunja gazeti lililokuwa limeshakunjwa. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Mwishowe akasema, "Kesho safisha tena," na akaomba chai. Tangu siku hiyo sijui anachojua. Akinipita anatabasamu, na tabasamu lile linaniumiza kuliko kama angenitukana.

Asubuhi yake Baba Rupa aliniletea blanketi jipya, zito, akasema, "Ni la mama yako, huko Naitiri kuna baridi." Hakuniangalia usoni. Nililiweka kitandani siku kadhaa bila kulifungua. Nimelituma pamoja na barua hii kwa mkono wa mama mmoja wa kanisani. Jifunike, Mama, blanketi halina kosa.

Kuna jambo moja gumu ninalokuomba. Usimwambie khocha ukweli. Najua atakuja kwako akiwa na hasira kwamba nimemharibia jina, na utatamani kunitetea. Ukinitetea, atapanda gari aje dukani kumwuliza Baba Rupa, na hapo kazi itakuwa imekwisha. Mwache anikasirikie. Na wanawake wakikucheka sokoni kwa ajili yangu, nyamaza. Nimenyamaza huku peke yangu na imenichosha, nahitaji mtu wa kunyamaza naye.

Nisalimie Kukhu, mwambie dawa ya miguu naitafuta. Nisalimie senge, dada yake baba, na wanawe, na mwalimu wa Naliaka anayemkopesha vitabu. Naliaka, maziwa ya shule bado mnapewa? Kunywa yako, usimwachie mtu. Khocha naye, hata akiwa amekasirika, mfikishie salamu zangu.

Ni mimi binti yako,
Nekesa, ambaye hakula ile nyama.