Anayepika Anakula Kwanza

Shikamoo mama,

Uyoga wa miombo ulioukausha umenifikia salama huku ughaibuni, Al Nahda. Niliukagua mmoja mmoja ulivyonifundisha: rangi ya manjano, na mikunjo ya chini ya kofia ikishuka mpaka kwenye shina. Nikaupika kwa karanga. Florence, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, akaleta sahani yake. Nikamwambia, "Subiri, anayepika anakula kwanza." Akacheka: "Eh, dada, uchoyo huo!"

Nasi wanao tulinung'unika hivyo hivyo utotoni, ulipokula peke yako ukatungojesha mpaka jioni. Nikaliweka tonge chini, ndipo nikaelewa. Kumbe ulikuwa unangoja uone kama uyoga una sumu, ikupate wewe, sisi tupone.

Sasa tumekua, mama. Masika haya usionje uyoga ukiwa peke yako.

Mwanao akupendaye,
Tumaini